Viungo Husema Kabla ya Ulimi: Kibri na Unyenyekevu katika Uso, Mwendo na Kikao

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akamsimamisha kwa umbo lililo bora, kisha akamuamrisha auweke uso wake juu ya udongo ule ule alioumbwa nao. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ambaye mgeni akiingia katika kikao chake alikuwa hamtambui miongoni mwa Sahaba zake mpaka aulize; na ziwafikie Aali zake na Sahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo:

Mwanadamu ana ndimi mbili. Ulimi wa kwanza umo kinywani mwake, na huo huufundisha adabu tangu utotoni: huusomesha salamu, huuzoesha maneno mazuri, na akitaka huuzuia. Ulimi wa pili ni mwili wake: shingo yake, jicho lake, bega lake, mkono wake na mguu wake. Huo wa pili husema mchana kutwa, na aghlabu mwenyewe hajui kuwa unasema. Mtu hutamka kwa kinywa kuwa Waislamu wote ni ndugu, na wakati huo huo kidevu chake kimemwambia aliyesimama mbele yake kuwa yeye si ndugu. Hunyoosha mkono kumpa mtu salamu, na jicho lake limekwisha mpita linamtafuta aliye mkubwa zaidi nyuma yake. Wenye kutazama huufahamu usemi huo bila ya mkalimani. Mfanyakazi huufahamu, masikini huufahamu, na mtoto mdogo huufahamu kabla hajajua kusoma.

Basi asidhani Muislamu kuwa usemi huu wa viungo hauandikwi. Katika Sura Yasin, Aya ya 65, Mwenyezi Mungu ameeleza kuwa siku hiyo vinywa vitatiwa muhuri, na mikono ndiyo itakayosema, na miguu ndiyo itakayotoa ushahidi wa yaliyochumwa. Na katika Sura Fussilat, Aya ya 20 na ya 21, yametajwa masikio, macho na ngozi, na namna wenyewe watakavyostaajabu kuona ngozi zao zinawashuhudia. Ulimi utanyamaza, na kile kiungo ambacho mtu hakukihisabu ndicho kitakachoitwa kizungumze.

DHAMBI YA KWANZA ILIKUWA YA KIWILIWILI

Azingatie mwenye akili dhambi ya kwanza iliyotajwa katika Qur-ani Tukufu. Malaika waliamrishwa kumsujudia Adam (A.S.), wote wakasujudu, na Iblisi akakataa. Iblisi hakukanusha kuwa Mungu yupo, wala hakukanusha kuwa yeye ni kiumbe. Alilokataa ni kuinama. Moyo wake ulikuwa umekwisha sema kuwa moto ni bora kuliko udongo, na mwili wake ukalidhihirisha neno hilo kwa kubaki umesimama pale ambapo wote wameanguka kifudifudi. Kwa msimamo ule mmoja alitolewa katika rehema.

Na Mtume (S.A.W.) alipohadharisha kuwa haingii Peponi mwenye chembe ya kibri moyoni mwake, aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Akabainisha kuwa uzuri si kibri, kwani Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Katika maelezo hayo mna faida kubwa. Kanzu safi iliyopigwa pasi, kilemba kilichofungwa vyema, jambia na bakora siku ya harusi si dhambi kwa dhati yake. Dhambi huingia pale bakora inapotumiwa kuwasukuma watu wapishe njia, na pale joho linapomfanya aliyelivaa aone tabu kukaa karibu na asiyekuwa nalo.

Wala jambo hili lisifanywe dogo. Madhehebu ya Ibadhi, kama yalivyofundishwa na Masheikh wake tangu zama za mwanzo, hayampi matumaini ya uongo mwenye kudumu katika dhambi kubwa. Mwenye dhambi kubwa akifa bila ya toba hana shufaa ya kuitegemea. Na kibri ni katika madhambi makubwa. Mtu aweza kujilinda na riba na ulevi umri wake wote, kisha akaangamizwa na shingo yake mwenyewe.

SHAVU LILILOPINDWA

Luqman alipomuusia mwanawe, kama ilivyo katika Sura Luqman, Aya ya 18, alimkataza kuwapindishia watu shavu. Wafasiri wanaeleza kuwa asili ya neno lililotumika hapo kwa Kiarabu ni maradhi yanayompata ngamia shingoni, shingo ikapinda upande mmoja na asiweze kuielekeza mbele. Mfano huu umtoshe mwenye kuringa. Yeye hudhani kuwa kumgeuzia mtu shavu ni dalili ya ukubwa, na Qur-ani inamuonyesha kuwa ni ugonjwa wa mnyama. Mwenye afya humkabili mtu kwa uso wake wote.

Ndivyo alivyokuwa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika sifa zake kuwa alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili wake mzima, hakumtupia pembe ya jicho. Alipopeana mkono na mtu, hakuwa yeye wa kwanza kuuondoa mkono wake. Na alifundisha kuwa tabasamu la Muislamu mbele ya ndugu yake huandikwa kuwa ni sadaka, ili fakiri asiyekuwa na kitu awe na cha kutoa, na tajiri aliyekwisha toa fedha asidhani kuwa amemaliza.

Na lililo kubwa zaidi katika mlango huu ni lile lililoteremshwa katika Sura ‘Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa pamoja na wakubwa wa Kikureshi akitaraji wasilimu, na kwa kusilimu kwao wasilimu walio nyuma yao. Akaja Ibn Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa, akayakatiza mazungumzo hayo. Mtume (S.A.W.) akakunja uso, akageuka. Hakumkemea wala hakumfukuza. Zilikuwa ni ngozi ya paji na shingo tu. Ikateremka Qur-ani, ikawa inasomwa mpaka Kiyama.

Hapa na asimame msomaji afikiri. Aliyekunjiwa uso alikuwa kipofu. Hakuuona uso ule. Lau ubaya wa kukunja uso ungelikuwa ni maumivu ya anayeuona peke yake, kwa yule kipofu pasingelikuwa na ubaya wowote. Lakini Mwenyezi Mungu alilihisabu, kwa sababu usemi wa uso husikiwa kwanza na Yeye. Na ikiwa Mtume (S.A.W.), ambaye nia yake ilikuwa ni da‘wa na manufaa ya Uislamu, alitanabahishwa kwa jambo hilo, basi vipi kuhusu anayemkunjia uso mfagizi wa njia kwa kuwa tu kanzu yake ina vumbi? Tangu siku ile Ibn Ummi Maktum aliheshimiwa sana. Alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume (S.A.W.), na mara kadhaa aliachiwa mji wa Madina Mtume (S.A.W.) alipotoka safari.

MWENDO, SAUTI NA SALAMU

Katika Sura Bani Israil, Aya ya 37, Mwenyezi Mungu amekataza kutembea juu ya ardhi kwa maringo, akamkumbusha mwenye kutakabari kuwa mguu wake hautaipasua ardhi wala kimo chake hakitafikia urefu wa milima. Mwenye kuringa hukanyaga kwa kishindo ili asikike, na hujinyoosha ili aonekane. Aya imempima kwa vipimo vyake mwenyewe: kwa chini ameshindwa na ardhi, kwa juu ameshindwa na mlima. Kinyume chake, Sura Al-Furqan, Aya ya 63, imewataja waja wa Mwingi wa Rehema, na sifa yao ya mwanzo iliyotajwa hapo ni mwendo wao: wanatembea kwa utulivu.

Luqman naye alimuusia mwanawe awe wa wastani katika mwendo na ateremshe sauti, akampigia mfano wa sauti ya punda. Kwani sauti nayo ni mavazi ya cheo. Wapo watu wenye sauti mbili: moja laini wanapozungumza na mkubwa wa kazini, na nyingine ya kukata wanapozungumza na dereva. Mwenye sauti mbili na ajiulize ni ipi iliyo yake.

Na sharia imeipangia salamu utaratibu unaovunja kiburi cha kimo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa aliyepanda humsalimia anayekwenda kwa miguu, anayekwenda humsalimia aliyekaa, wachache huwasalimia wengi, na mdogo humsalimia mkubwa. Aliyepanda mnyama yuko juu, na watu wa chini humtazama kwa kuinua macho. Kwa hivyo yeye ndiye aliyepewa wajibu wa kuanza. Leo mnyama amekuwa gari lenye vioo vyeusi na baridi ndani yake, na anayekwenda kwa miguu yumo juani. Haki ya salamu haikubadilika kwa kubadilika kipando. Ama yule anayengoja ndani ya gari lake mpaka asalimiwe yeye, amelipindua jambo juu chini.

KIKAO NA KUSIMAMIWA

Kila majilisi ina sadri yake, mahali pa mbele pa heshima, na ina mahali pa mlangoni panapovuliwa viatu. Aingiaye hujua kwa mtazamo mmoja nani ni nani. Si vibaya mwenye nyumba kumpeleka mbele mgeni wake, au mtu mzima, au mwanachuoni. Kuwaweka watu katika daraja zao ni katika adabu. Ubaya ni wa yule ambaye moyo wake hautulii mpaka apate sadri, na akikuta imekaliwa hubaki amesimama akitazama mpaka mnyonge ajihisi mkosa na kunyanyuka. Mtume (S.A.W.) alipofika kwenye kikao alikaa pale kikao kilipoishia. Naye alikataza mtu kumuinua mwenzake mahali pake kisha akakaa yeye. Na Sura Al-Mujadila, Aya ya 11, imewaamrisha waumini wapeane nafasi vikaoni, na ikawaahidi kuwa Mwenyezi Mungu atawapa nafasi wao.

Ama kusimama, kuna tafauti kubwa kati ya kumsimamia mtu na kupenda kusimamiwa. Alipofika Saad bin Muadh (R.A.) hali ya kuwa amejeruhiwa, Mtume (S.A.W.) aliwaambia Ansari wamwendee mkubwa wao. Na binti yake, Bibi Fatma (R.A.), alipoingia kwake, yeye Mtume (S.A.W.) alimwinukia, akambusu, akamkalisha mahali pake. Baba alimwinukia binti. Lakini alimuonya kwa Moto yule anayefurahi watu wabaki wamesimama mbele yake kwa ajili ya utukufu wake. Kumsimamia aliyeingia ni mapenzi yanayotolewa kwa hiari. Kudai kusimamiwa ni kodi inayotozwa.

Kahawa nayo ina somo lake. Katika nyumba nyingi za Oman na za Waswahili wa Ghuba, kijana wa nyumba ndiye anayeshika dele, hupita na vikombe kwa mkono wa kulia, na wageni wakinywa yeye yuko kwa miguu yake. Wazee walioweka ada hiyo walikuwa na hekima. Walitaka mtoto wa mwenye mali ajue uzito wa dele na joto lake, mgongo wake ujifunze kuinama mbele ya mgeni, na jicho lake lijifunze kungojea kikombe kitikiswe kwa ishara ya kutosheka. Pale ambapo dele limekabidhiwa mfanyakazi wa mshahara, na kijana amelala juu ya mito na simu mkononi, mtoto amekosa darasa ambalo skuli haiwezi kumpa.

IMAMU MWENYE UDONGO MIKONONI

Miongoni mwa Maimamu wa Ahlul-Haqqi wal-Istiqama alikuwepo Imamu Abdurrahman bin Rustam, aliyekuwa mmoja wa wachukuzi wa elimu waliosoma Basra kwa Sheikh Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, kisha wakairudisha elimu hiyo Maghrib. Asili yake ilikuwa ya Kifursi. Aliposhika Uimamu huko Tahert, katika nchi inayoitwa leo Algeria, mnamo mwaka 160 Hijria (777 Miladia), imetajwa kuwa moja ya sababu za kuchaguliwa kwake ni kuwa hakuwa na kabila la kumkinga akipotoka. Alitawala mpaka alipofariki mnamo mwaka 171 Hijria.

Mwanahistoria Ibn al-Saghir, ambaye hakuwa Ibadhi, ndiye aliyeisimulia khabari hii. Ndugu wa Basra walisikia sifa za Imamu, wakakusanya mali nyingi, wakawatuma wajumbe wampelekee. Wajumbe walipofika Tahert waliulizia nyumba ya Imamu. Wakaikuta, na mlangoni pana mtumishi anakanda udongo, na juu ya paa kuna mtu anayeziba nyufa, mtumishi akimpa udongo naye akiupokea kwa mikono yake. Wakamuomba mtumishi awaombee idhini kwa Imamu. Yule aliyekuwa juu ya paa aliyasikia maneno yao. Akaagiza wasubiri kidogo, akateremka, akanawa udongo mikononi, kisha akawakaribisha. Mtu wa paani ndiye aliyekuwa Imamu.

Waliingia wakamkuta amekaa juu ya mkeka. Nyumbani hamkuwa na kitu ila mto wa kulalia, upanga, mkuki na farasi aliyefungwa pembeni. Akaamrisha waletewe chakula, ikaja mikate, samli na chumvi, akawakaribisha wakala pamoja. Kisha wajumbe wakateta pembeni. Walipotoka Basra waliagizwa watazame kwanza kabla ya kuikabidhi mali. Na baada ya waliyoyaona hawakuhitaji kumuuliza mtu mwengine. Mali ile Imamu aliishauria na watu wake, ikatumika katika silaha za ulinzi na katika mahitaji ya mafakiri. Na Basra walipomletea mali mara ya pili, aliirudisha, akaeleza kuwa watu wake sasa wametosheka na walioko Basra wana haja nayo zaidi.

Wajumbe wale walisafiri kutoka Iraq mpaka Maghrib kutafuta dalili ya mtawala mwadilifu, na dalili waliyoipata haikuwa khutba. Ilikuwa ni mikono yenye udongo, na mtu kuteremka mwenyewe kutoka juu ya paa. Imamu hakuona haya kukutwa katika hali ile, wala hakufanya haraka kujificha na kutokea kwa mlango mwengine akiwa amevaa vizuri. Alinawa kwa sababu mgeni anastahiki mkono safi, basi.

UNYENYEKEVU SI UDHALILI

Haifai kuyafahamu haya kuwa Muislamu atembee ameinamisha kichwa kama aliyeiba. Mwenye kujilegeza ili asifiwe kuwa ni mchamungu, naye anasema uongo kwa mwili wake, na uongo huo ni riya. Imepokewa kuwa Omar bin al-Khattab (R.A.) alimuona mtu ameinamisha shingo akijionyesha unyenyekevu, akamtaka aiinue, akamfahamisha kuwa unyenyekevu makao yake ni moyoni. Na Omar mwenyewe alisifiwa kuwa akitembea alikwenda haraka na akisema alisikika.

Tena kuna mahali ambapo sharia imetaka nguvu ionekane. Waislamu waliojikimbilia Habasha walipoingia kwa mfalme Najashi, wakiongozwa na Jaafar bin Abi Talib (R.A.), hawakumsujudia, kwani paji la Muislamu halina pa kuwekwa ila kwa Mola wake. Walikuwa wageni wasiokuwa na mlinzi, na maadui zao wamo ukumbini, na hata hivyo migongo yao ilibaki imenyooka. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Abu Dujana (R.A.) alijifunga kitambaa chekundu kichwani akapita kwa maringo baina ya safu, na Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa huo ni mwendo unaochukiwa na Mwenyezi Mungu ila mahali kama pale. Na katika Umra ya mwaka wa 7 Hijria, makureshi walipoeneza kuwa homa ya Madina imewadhoofisha Waislamu, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha Sahaba zake watufu kwa mwendo wa haraka wenye nguvu, ili maadui wanaotazama waone miili iliyo hai.

Kisha ukaja mwaka wa 8 Hijria (630 Miladia), siku ya kufunguliwa Makka. Mtume (S.A.W.) aliuingia mji uliomtoa, na nyuma yake lina jeshi la watu 10,000. Siku hiyo hapakuwa na adui wa kuonyeshwa nguvu. Imepokewa kuwa aliinamisha kichwa chake juu ya ngamia kwa kumnyenyekea Mola wake mpaka ndevu zake zikakaribia kugusa tandiko. Basi mizani ndiyo hiyo: mbele ya mwenye jeuri, mgongo hunyooka, na mtu anapopewa ushindi, kichwa huinama. Watu wengi wameipindua mizani hii. Huinama mbele ya mwenye nguvu ili wapate, na hujinyoosha mbele ya mnyonge ili waogopewe. Na aliwahi kuletwa mtu mbele ya Mtume (S.A.W.) akawa anatetemeka kwa khofu, Mtume (S.A.W.) akamtuliza, akamwambia kuwa yeye si mfalme, ni mtoto wa mwanamke aliyekuwa akila nyama iliyokaushwa.

NDANI YA NYUMBA

Msikitini ni rahisi kunyenyekea, kwani safu ni moja na watu wanaona. Mtihani uko nyumbani, mlango ukishafungwa. Nyumba nyingi za Ghuba zina mfanyakazi ndani, na katika nyumba za wazungumzao Kiswahili huenda mfanyakazi huyo ametokea Tanga au Mombasa, na lugha yake ni ile ile ya bibi wa nyumba. Huyu huitwaje? Wapo wanaomwita kwa jina lake. Na wapo wanaomwita kwa kupiga vidole, wanaomuonyesha vumbi kwa ncha ya kiatu, wanaompa chombo bila ya kumtazama kama kwamba wanakiweka juu ya meza, na wanaompandisha na kumshusha kwa macho akivaa nguo mpya siku ya Idi. Hakutukanwa, wala hakupigwa, na mshahara wake umelipwa. Lakini kila siku ameambiwa neno moja kwa ishara nyingi: kuwa yeye si mtu kamili.

Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10, akashuhudia kuwa hakuwahi kumguna wala kumsaili kwa ukali juu ya alilolifanya au aliloliacha. Na Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mtumishi akileta chakula alichokipika, naye ndiye aliyestahamilia moto wake na moshi wake, mwenye nyumba amkalishe ale naye, na kama hakumkalisha, basi ampe tonge moja au mawili mkononi mwake. Akina mama wa nyumba wanaweza kuitekeleza sunna hii pamoja na wasaidizi wao leo hii, bila ya kungoja fatwa.

Na mtoto anatazama. Baba humsomesha kuwa watu wote ni wana wa Adam, kisha mtoto humuona baba huyo huyo akimsimamia mkubwa mmoja mpaka mlangoni, na akimjibu mlinzi kwa kidevu. Mtoto hatashika alichosomeshwa, atashika alichokiona. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mkono unaomkunja ni mwenendo wa wazazi. Watoto wa Kiswahili hufundishwa kusema shikamoo na kubusu mkono wa mtu mzima, na hiyo ni adabu njema. Lakini mtu mzima naye ana deni. Anayeutoa mkono ubusiwe huku uso umegeukia runinga, na marahaba yake haitoki, amemfundisha mtoto kuwa heshima ni kitu cha kupokelewa na wakubwa wala hakina marejeo.

Tena wapo wazee katika nyumba hizi wanaokumbuka. Wapo walioingia Oman baada ya mwaka 1970 wakitokea Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, Kiarabu chao kikiwa kizito, wakajua maana ya kufungua kinywa na kuona nyusi za msikilizaji zikipanda. Hawakuambiwa neno baya, lakini nyusi zile hawakuzisahau. Mwenye kumbukumbu kama hiyo na asome Sura Wadh-Dhuha. Mwenyezi Mungu alimkumbusha Mtume wake (S.A.W.) kuwa alikuwa yatima akapewa makao, na alikuwa mhitaji akatoshelezwa, kisha baada ya kumkumbusha akamwamrisha asimuonee yatima wala asimkemee muombaji. Kumbukumbu ya unyonge imetajwa kwanza, na amri ya upole ikafuatia. Mtu aliyewahi kutazamwa kwa dharau ana hoja juu yake mwenyewe kuliko mwengine yeyote.

DAWA YA MARADHI HAYA

Dawa ya kwanza imo katika sala. Mkaazi husali rakaa 17 za fardhi kwa mchana na usiku, na katika kila rakaa mna sijda 2. Kwa hivyo paji lake hugusa ardhi mara 34 bila ya kuhisabu sunna. Mfuasi wa madhehebu ya Ibadhi husimama katika sala mikono yake imeshuka mbavuni, mitupu, kama mtu asiyekuwa na chochote cha kushika mbele ya Mola wake. Bega lake linagusana na bega la mpishi na dereva. Atakayeinua paji lake kutoka kwenye sijda ya 34, akatoka mlangoni na kumpindishia shavu yule yule aliyekuwa ubavuni mwake, basi na akaitazame upya sala yake.

Abu Hamza al-Mukhtar bin Auf, aliyesimama katika miji miwili mitukufu katika miaka ya 129 na 130 Hijria, alipobezwa kuwa wafuasi wake ni vijana watupu, aliwasifu kwa viungo vyao: macho yaliyoinamishwa mbele ya maovu, miguu iliyo mizito kuiendea batili, na mapaji na magoti yaliyoliwa na ardhi kwa wingi wa ibada. Hakutaja kabila zao wala mali zao. Alama za sijda ndizo zilizokuwa nishani zao.

Dawa ya pili ni kuzoesha viungo. Anze mtu kusalimia kabla hajasalimiwa, na khasa aliye chini yake kazini. Amgeukie kwa uso wote anayezungumza naye. Ampishe mtu mahali pake hata mara moja kwa wiki. Afanye kwa mkono wake kazi moja ya nyumbani ambayo alizoea kuiamrisha. Moyo hufuata viungo kama vile viungo vinavyofuata moyo, na aliyeanza kwa kujilazimisha huenda akamaliza kwa kupenda.

Dawa ya tatu ni toba, nayo ina sharti. Haki ya Mwenyezi Mungu hutubiwa kwa Mwenyezi Mungu, lakini aliyevunjiwa heshima ni mja, na haki ya mja hurejeshwa kwa mja. Na aende mtu kwa mfanyakazi wake, au kwa ndugu yake masikini asiyemtembelea, au kwa mkwe aliyemdharau mbele ya watu, amtake radhi kwa uso ulio wazi. Hilo litakuwa zito, kwa kuwa shingo imezoea kupinda. Lakini uzito wake hapa ni mwepesi kuliko ushahidi wa ngozi siku ambayo ulimi hautaweza kuikatiza.

Ewe Mwenyezi Mungu, wanyenyekeze waja wako kwako, na uwalinde wasidhalilike kwa mwengine. Zilainishe shingo za wenye nguvu mbele ya wanyonge, na uzinyooshe shingo za wanyonge mbele ya wenye jeuri. Vijaalie viungo vya Waislamu viwe mashahidi wao wala visiwe mashahidi juu yao. Warehemu wazee waliotangulia, na uwakuze watoto wa Waislamu popote walipo katika adabu ya Mtume wako (S.A.W.). Amin.

Na sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote.